Hamu Itapita, Uvute Usivute

Hotuba hii niliitoa Jumapili alasiri mbele ya madereva, makondakta na familia zao, katika ukumbi mmoja wa Eastlands, Nairobi. Waliokuwa barabarani siku hiyo waliomba niiandike yote. Ndiyo hii.

Mwenyekiti na kamati yako, wazee wangu, ndugu zangu madereva, vijana wangu makanga, mama na dada zetu mliokuja na watoto: hamjambo?

Asanteni kwa kunipa muda huu. Najua gari likikaa alasiri nzima bila kubeba abiria, kuna mtu anapoteza. Mimi ni muuguzi, na siku zangu nyingi huwa kliniki ya kifua, kule wanakokuja watu wenye kikohozi kisichoisha. Baadhi yenu nimewaona kule. Nilipoingia hapa mkainamisha vichwa. Inueni vichwa, jamani. Sikuja kumgombeza mtu.

Wala sikuja kuwaambia kwamba sigara ni mbaya. Nani hapa hajui? Pakiti imechapwa onyo na picha za kutisha. Ingawa nasikia wengi wenu hamjaiona pakiti siku nyingi, kwa sababu mnanunua moja moja. Sheria ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti, na pakiti yenyewe isipungue sigara kumi. Lakini nenda kibanda chochote karibu na steji utazame. Sigara ziko kwenye kopo, kiberiti cha gesi kimefungwa kamba kwenye nondo za dirisha, kinaning'inia pale kikikusubiri. Unatoa sarafu, unapewa moja, unawasha hapohapo, unarudisha kiberiti, unaondoka. Onyo liko wapi? Picha iko wapi? Umeinunua hamu yako kwa rejareja, na hamu ya rejareja haina mwisho.

Nimekuja kwa jambo moja tu. Karibu kila mvutaji ninayekutana naye amewahi kuacha. Ameacha wakati wa Kwaresma, ameacha mke alipopata mimba, ameacha kifua kilipombana. Kisha akarudi. Nikimwuliza ilikuwaje, jibu ni lilelile: "Sista, hamu ilinishinda." Basi leo tuizungumzie hiyo hamu. Inatoka wapi? Inakuja saa ngapi? Inakaa kwa muda gani? Maana adui usiyemjua saa zake atakukuta umelala kila siku.

Tuanze na inakotoka. Ukivuta moshi wa kwanza, nikotini inaingia kwenye mapafu, inachukuliwa na damu, na kabla hujahesabu hadi ishirini imeshafika kwenye ubongo. Huko inachochea kemikali ya raha iitwayo dopamini. Unajisikia vizuri. Lakini baada ya kama saa mbili, nusu ya nikotini ile imeshaondoka kwenye damu, na ubongo uliozoeshwa unaanza kudai. Unakosa utulivu. Unakuwa mkali. Abiria akikuuliza chenji yake unamjibu vibaya. Ukiwasha nyingine, unatulia.

Kuna dereva wa Jogoo Road aliyeniambia, "Sista, mimi bila sigara siwezi kuendesha. Foleni ya City Stadium, abiria anayepiga kelele kwa ajili ya shilingi kumi, tajiri anayetaka hesabu yake jioni. Sigara ndiyo inanituliza." Nikamwuliza, mkeo hufanya kazi gani? Akasema anauza mboga Muthurwa. Anaamka saa tisa usiku kuwahi malori, anabeba magunia, anashinda juani, anarudi kupika. Nikamwuliza, yeye hutulizwa na nini?

Alifikiri sana, ndugu zangu. Kisha akasema, "Yeye havuti, kwa hiyo hana hii shida."

Mwenyewe alishajibu. Hana hiyo shida. Sigara ya saa nne inatibu ugonjwa ulioletwa na sigara ya saa mbili. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 26 wakaangalia hali ya akili za watu kabla na baada ya kuacha. Waliofaulu kuacha walipungukiwa wasiwasi, huzuni na msongo wa mawazo kuliko waliobaki wakivuta. Kwa hiyo mtu akikwambia sigara inamtuliza, hasemi uongo. Inamtuliza kweli, lakini kutokana na nini?

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Mnadhani hamu ni nikotini peke yake. Mnadhani kadiri saa zinavyokwenda bila sigara, ndivyo hamu inavyopanda, mpaka mtu apasuke. Je, ni kweli?

Kuna watafiti wa Israeli, mmoja wao Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, ambao mwaka 2010 walichapisha utafiti kuhusu wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Ndani ya ndege hakuna kuvuta, mnajua. Wahudumu haohao wakafuatiliwa katika safari fupi za Ulaya, za saa chache, na katika safari ndefu za New York, za saa kumi na zaidi. Kila baada ya muda wanaulizwa: hamu yako ikoje sasa? Kama hamu ingekuwa ni nikotini tu, yule wa New York angekuwa hajiwezi kufikia saa ya tano, maana bado ana mwendo mrefu. Haikuwa hivyo. Katika safari fupi hamu ilipanda ndege ilipokaribia kutua. Katika safari ndefu, saa zilezile, hamu ilikuwa chini. Ikapanda New York ilipokaribia, ikafika kimo kilekile cha wale wa safari fupi.

Mmeelewa? Saa tatu bila sigara, hamu juu. Saa kumi bila sigara, hamu juu vilevile, haikuzidi. Kilichoipandisha ni kujua kwamba mlango unakaribia kufunguliwa.

Ndugu zangu Waislamu mlioko hapa hamkuhitaji utafiti wa ndege. Ninyi wa Pumwani na Eastleigh mnaijua Ramadhani. Mvutaji anayetoka jasho jingi siku nyingine akikosa sigara kwa saa mbili, anafunga tangu alfajiri hadi magharibi, anafanya kazi, anaongea na watu, mchana unapita. Halafu inapokaribia adhana ya magharibi, mikono inaanza kutafuta mfuko. Ni nikotini iliyojua adhana? Ni yeye mwenyewe aliyejua kwamba ruhusa imekaribia. Na mtu anayeweza kukaa saa kumi na tatu kwa ajili ya Mungu wake, asiniambie kwamba mwili wake hauwezi. Mwili unaweza. Umeshaonyesha kwamba unaweza, mwezi mzima.

Haya, turudi kwenu. Hamu yako wewe hupanda wapi? Si barabarani, maana abiria wamejaa na sheria hairuhusu kuvuta ndani ya gari la abiria. Hupanda pale gari linapoingia steji. Hupanda baada ya chakula. Hupanda chai ya kwanza ikishikwa mkononi. Hupanda ukimwona rafiki yako fulani, kwa sababu ninyi wawili mkikutana ni lazima mwashe. Na hupanda miraa au muguka ikiwa shavuni. Sikuja kuongea juu ya miraa leo, hiyo ni siku yake, lakini nyote mnajua kwamba miraa na sigara ni chanda na pete. Ukitaka kuacha sigara huku jioni unakaa na wenzako mnatafuna, unajitesa bure. Wiki za mwanzo, viweke mbali vyote viwili. Na pombe vilevile, tena pombe zaidi, kwa sababu chupa ya pili inakusahaulisha ahadi uliyojiwekea asubuhi.

Ndiyo maana nawaomba kitu kidogo kabla hamjaacha. Kwa siku chache, endelea kuvuta kama kawaida, lakini kila sigara iandike kwenye simu: saa ngapi, wapi, ulikuwa na nani. Usijihukumu, andika tu. Baada ya siku hizo utaona ratiba. Utaona kwamba hamu zako ni zilezile, mahali palepale, na watu walewale. Mtu ambaye alikuwa anasema "mimi navuta wakati wowote" anagundua kwamba ana nyakati zake, na kila wakati una jina. Kisha kwa kila wakati unapanga kitu kingine mapema. Si wakati hamu imefika. Ikishafika hufikirii vizuri. Mapema.

Sasa inakaa kwa muda gani?

Dakika chache. Narudia: dakika chache. Tatu, tano, mara nyingine kama kumi. Alan Marlatt, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani, aliifananisha na wimbi. Wenzetu wa Pwani wanalijua. Linainuka, linafika juu kabisa, halafu linavunjika lenyewe. Ukishindana nalo kifua wazi linakupiga. Ukielea juu yake, linakupitisha. Mtu anaporudi kwenye sigara huwa amekata tamaa wimbi likiwa juu, akadhani litaendelea kupanda. Na kwa kuwa aliwasha, hakupata kuona kwamba lilikuwa linakaribia kuvunjika.

Uvute, hamu itapita. Usivute, hamu itapita. Tofauti ni kwamba ukivuta, umeialika irudi baada ya saa mbili ikiwa na nguvu zilezile. Usipovuta, inarudi dhaifu zaidi kidogo, na kesho kidogo zaidi.

Kijana mmoja makanga, ambaye simtaji jina, alinionyesha anavyofanya. Hamu ikija, anatoa simu anaangalia saa. Anasema kwa sauti, tena kwa sauti kubwa, maana steji ina kelele na hakuna anayejali: "Imefika." Kisha anaondoka pale kwenye kibanda, anaenda mwisho wa msururu wa magari, anaitia abiria kutoka kule. Mkononi ana vipande vya miwa vya yule jamaa wa mkokoteni. Anamenya kwa meno, anatafuna, anatema, anamenya tena. Nikamwuliza kwa nini miwa? Akasema, "Sista, mkono ulizoea kushika kitu na mdomo ulizoea kunyonya kitu. Miwa inafanya vyote viwili, na kipande kimoja hakiishi upesi." Akimaliza kipande anaangalia saa tena. Mara nyingi hamu imeshapita na hakuona ilivyopita.

Hakusoma kitabu. Alijipangia mwenyewe kutokana na ratiba yake. Wewe huenda miwa huipendi. Chukua njugu, chukua karoti, kunywa maji polepole, pumua kwa kina, piga simu. Na tembea. Kutembea haraka kwa dakika kumi kunapunguza hamu, hilo limepimwa mara nyingi. Ila usisimame mahali palepale, mbele ya kiberiti kilekile, ukijaribu kuwa shujaa.

Kuhusu dawa nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi mnadhani kuacha kwa kutumia dawa ni udhaifu.

Mwaka 1967 kule Uswidi, Claes Lundgren wa Chuo Kikuu cha Lund aliona jambo kuhusu mabaharia wa nyambizi. Chini ya maji huwezi kuwasha sigara. Mabaharia wale wakawa wanaweka tumbaku mdomoni, na hamu ikatulia. Akamwandikia rafiki yake Ove Fernö aliyekuwa katika kampuni ya dawa: kumbe mtu anaweza kupewa nikotini bila moshi. Kutokana na barua ile ikatengenezwa chingamu ya nikotini, ikaanza kuuzwa mwaka 1978. Maana yake nini kwenu? Ni kwamba kinachokuua hasa ni moshi. Moshi una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 zinajulikana kuleta saratani. Nikotini ndiyo inayokufunga, moshi ndio unaokuua. Chingamu, na plasta za kubandikwa kwenye ngozi, zinakupa nikotini kidogo kidogo bila moshi, ili upambane kwanza na mazoea ya mkono na steji, kisha unapunguza dozi mpaka unaachana nayo.

Lakini chingamu hii haitafunwi kama PK. Unaitafuna polepole mpaka usikie ukali wa pilipili, unaiegesha kati ya shavu na ufizi, unaiacha. Ukali ukiisha unatafuna tena kidogo, unaegesha upande mwingine. Inakaa kama nusu saa. Ukiitafuna mfululizo, nikotini inaishia tumboni, utapata kwikwi na kiungulia, kisha utasema dawa haifai. Usinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake. Na kama sigara yako ya kwanza unaivuta kabla ya nusu saa tangu kuamka, wewe ni wa ile ya miligramu 4, si ya 2. Mwenye mimba au ugonjwa wa moyo aulize kwanza.

Shirika la Afya Duniani liliweka chingamu na plasta kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu wanaotaka kuacha tumbaku, pamoja na vidonge kama vareniklini. Kwa hiyo hii ni tiba. Bei zake hutofautiana, ulizeni famasi zaidi ya moja. Na ile mifuko midogo ya nikotini yenye ladha wanayouziwa vijana si tiba, ni biashara. Msichanganye.

Watu huniuliza: nipunguze pole pole au nikate mara moja? Watafiti wa Oxford waliwagawa watu karibu 700 makundi mawili, wakachapisha mwaka 2016. Baada ya wiki nne, kati ya waliokata siku moja, 49 kwa kila 100 walikuwa bado hawavuti. Kati ya waliopunguza kwanza, 39. Kwa hiyo chagua siku, na siku hiyo ikifika iwe hiyo. Tupa kiberiti pia.

Siku mbili tatu za mwanzo ni ngumu. Arosto, yaani mateso ya mwili unaodai sigara, ni kweli, sitawadanganya. Usingizi unapotea, tumbo linafunga, njaa inazidi, hasira iko karibu. Baada ya hapo inashuka, na kwa wengi wiki ya nne mambo ni mengine. Jambo moja ambalo halisemwi sana: moshi wa sigara hulifanya ini kuondoa kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kilekile cha kahawa au chai kali kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Unatetemeka, hulali, unadhani ni sigara inakuita. Punguza kahawa na chai kwa nusu.

Kina mama, hasira hiyo ya siku za kwanza itawafikia ninyi nyumbani. Siwaambii mvumilie matusi. Ninaomba tu asiambiwe "afadhali ungeendelea kuvuta". Neno hilo nimesikia limerudisha wanaume wengi kibandani. Na ninyi wanaume, mwambieni mke mapema siku uliyochagua, msimwache abahatishe.

Ukiteleza ukavuta moja, je? Hiyo ni moja. Si leseni ya pakiti. Iandike kwenye ile ratiba: saa, mahali, mtu. Umegundua wakati ambao hukuupangia. Panga sasa, uendelee usiku huohuo, usingoje Jumatatu.

Nimemwona mzee kule nyuma akitikisa kichwa, kana kwamba anasema mimi nimechelewa. Mzee wangu, mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wanaume zaidi ya 34,000, na uchunguzi ule ukaendelea kwa miaka 50. Daktari aliyeacha akiwa na miaka 30 alijiongezea karibu miaka 10 ya kuishi kuliko aliyeendelea. Aliyeacha na miaka 40, miaka 9. Na miaka 50, miaka 6. Aliyeacha na miaka 60, mzee, miaka 3. Miaka 3 ni mjukuu kuanza shule na wewe ukimpeleka kwa mkono. Na kwa yeyote aliyewahi kuugua kifua kikuu: sigara huongeza hatari ya ugonjwa huo, na ninyi mnakaa siku nzima na watu wengi kwenye gari lililofungwa madirisha.

Pale mlangoni kuna daftari. Asiyetaka kuandika jina asiandike, aandike tarehe aliyochagua na steji yake tu. Wawili wenye tarehe moja kwenye steji moja nitawakutanisha, ili hamu ikimjia mmoja amwite mwenzake waende wakatembee. Kwa atakayezidiwa usiku, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, haitozwi pesa. Mwenyekiti ameniahidi kwamba maji ya kunywa yatawekwa stejini, na nitakuja kuangalia.

Sasa maswali. Nianze na wewe dada mwenye mtoto mgongoni. Umeinua mkono tangu nilipotaja hasira. Mpeni maikrofoni.